Sinema Aliyoipendekeza Osiris

Nelvis Cantillo bado amesimama.

Ndivyo tulivyomwacha Jumapili iliyopita, wima katikati ya ukumbi wa sinema pale Barranquilla, kidole amekinyoosha kwenye pazia, mdomo wazi. Na aliyemnyooshea kidole ni mpiga klarineti wa kwenye picha, mwanamume wa masharubu membamba, ambaye mwanamke wa gauni la njano ndiyo kwanza alikuwa amemkumbatia kiunoni na kumwita "mume wangu".

Shida ni moja tu. Mwanamume yule alikuwa Wilfran. Wilfran Ariza, fundi friji, mchumba wa Nelvis, anayetarajiwa kumuoa kabla ya Krismasi. Wilfran ambaye tangu wajuane anaapa kuwa hajui muziki wowote, hata mluzi kupiga hawezi.

"Mama, keti! Hatuoni!" sauti ikatoka nyuma.

"Huyo ni mchumba wangu!" Nelvis akajibu bila kugeuka.

"Hongera! Sasa keti!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Osiris Palmera, shoga yake anayeuza kwenye duka la dawa, akamvuta gauni kwa nguvu hadi akadondoka kitini. Upande wa pili alikuwepo Dago Pertuz, kinyozi wa mtaa wao, bisi zimemkwama kooni.

"Osiris," Nelvis akanong'ona huku ameuma meno, "wewe ndiye uliyetuleta. Ulisema tukaone sinema ya mpiga klarineti, tutalia mpaka tufurahi. Ulijua?"

"Ningejua ningekuleta?"

"Si ulisema umeiona?"

"Nilisema nimeipenda, shoga. Nimeipenda kwa kusimuliwa. Kuna mteja wangu wa dawa ya presha alinisimulia yote, nikalia palepale kaunta."

Kwenye pazia mvua ikaanza kunyesha. Wilfran akakaa mlangoni, akaweka klarineti mdomoni, akafumba macho. Wimbo ukatoka, mwororo, wa kumtoa mtu machozi hata kama hana huzuni. Yule wa gauni la njano akaja na kahawa, akateleza, akacheka, akambusu shavuni.

Nelvis akampokonya Dago bakuli la bisi.

Kwenye pazia, yule wa gauni la njano akambusu mumewe tena, safari hii si shavuni.

Nelvis akasimama, akalimwaga bakuli lote mapajani mwa Dago, akatoka.

* * *

Nje jua la alasiri liliwapiga machoni kama kofi. Wakasimama chini ya kivuli cha kibanda cha muuza juisi, hakuna aliyeagiza.

"Dada, yale ni maigizo," Dago akasema, huku akijikung'uta bisi. "Kazi ya sinema. Leo mtu ni mume, kesho ni jambazi."

"Fundi friji ameigiza lini? Na kwa nini asiniambie? Mtu akitokea kwenye sinema, hata mgongo tu, mtaa mzima unajua. Binamu yako alipita nyuma ya mtangazaji wa habari, mkatupikia wali wa nazi!"

Dago akatafuta bisi nyingine ya kukung'uta. Kweli walipika.

"Tena vidole vile," Osiris akaongeza, na hapo akaharibu kabisa. "Masharubu waweza kuyabandika, lakini vidole vile, shoga yangu, vilikuwa vinajua vinakokwenda."

"Osiris!"

"Nasema nilichokiona. Mara moja nimeona kwa macho yangu, mnataka ninyamaze?"

"Mngenisikiliza mimi," Dago akasema, "saa hizi tungekuwa tunacheka. Niliwaambia twende tukaone ile ya ndugu wawili wanaoshindana kwa maspika makubwa. Muziki mwingi, hakuna anayekufa, hakuna mke wa mtu."

Nelvis hakumsikia. Alikuwa ameegemea nguzo, anafikiri. Wanaomjua wanajua kwamba Nelvis akipiga kelele hakuna hatari. Hatari ni anaponyamaza.

"Hakuna atakayemwambia kitu," akasema hatimaye. "Kinyozi, unasikia? Hata ukimshika kwa wembe shingoni, usimuulize."

"Sasa utafanyaje?"

"Jumapili si anakuja nyumbani? Nitampendekezea sinema."

* * *

Kila Jumapili baada ya chakula, hawa watatu hukutana ua wa nyuma kwa Nelvis, katikati ya kamba zilizotundikwa mavazi ya kanivali anayoyashona. Kila mmoja huja na sinema moja mpya ya kuwapendekezea wenzake, na lazima iwe ya muziki, kwa sababu Osiris ndiye aliyeanzisha na Osiris hapendi nyingine. Sharti ni kwamba mwisho hausemwi. Wilfran naye huja, lakini huja kula. Hajawahi kupendekeza kitu.

Wiki ile Nelvis alishona vibaya ajabu. Kinyago kimoja alikiwekea pua mahali pa sikio. Wilfran alipompigia simu alijibu "ndiyo", "hapana" na "tutaonana Jumapili".

Jumapili ikafika, na Wilfran akaingia amebeba sahani ya arepa za mayai, mikate ya mahindi ya kukaanga, moto moto, amefunika kwa taulo.

"Mbona kimya? Kuna msiba?"

"Bado," Osiris akasema. Dago akamkanyaga mguu.

Wakaketi. Juisi ya ukwaju ikazunguka. Osiris akaanza, akawaambia kuna sinema ya bibi mmoja mwimbaji wa zile nyimbo za mapenzi za bolero, aliyetoroka kwenye nyumba ya wazee kwenda kuimba kwa mara ya mwisho.

"Umeiona au umesimuliwa?" Dago akauliza.

"Nimeiona nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya kwanza! Umeme ulikatika. Wewe vipi, unanihoji kama askari?"

Dago akaeleza tena ile ya ndugu na maspika, kwa mara ya tatu, akiwaigiza wote wawili na mama yao. Wilfran alicheka mpaka akashika mbavu. Nelvis akamwangalia akicheka, moyo ukamuuma, maana alikuwa anampenda vilevile.

"Haya, zamu yako," Wilfran akamwambia. "Ya nani leo? Mpiga ngoma? Mpiga gitaa?"

"Mpiga klarineti."

Arepa ya Wilfran ikasimama njiani, kati ya sahani na mdomo.

"Ni ya hukuhuku pwani," Nelvis akaendelea, sauti tamu kama anamsimulia mtoto. "Kijiji kinaitwa San Bruno. Wewe si unatoka huko?"

"Natoka huko. Ila sinema za muziki, mpenzi, zinanichosha."

"Hii haitakuchosha. Mwenyewe ana masharubu, hivihivi kama yako. Na ana mke. Mzuri, amevaa gauni la njano."

"Nelvis..."

"Usinikatize, bado sijafika kwenye mvua."

"Nelvis, nisikilize."

"Mvua inanyesha, mume amekaa mlangoni anapiga klarineti, mke anakuja na kahawa..."

"Anateleza," Wilfran akasema.

Hata Dago aliacha kutafuna.

"Anateleza, halafu anacheka," Wilfran akasema tena, polepole, arepa akaiweka chini. "Haikupangwa. Mlango ulikuwa na utelezi, aliteleza kweli. Mwongozaji akasema hapohapo, hiyo inabaki."

"Ahaa!" Osiris akapiga meza. "Amekiri!"

"Yule ni nani?" Nelvis akauliza. Utamu wote wa sauti ulikuwa umekwisha.

"Mwigizaji. Ametoka Bogotá. Alikuwa na mafua muda wote, kila akinikaribia anapiga chafya. Busu lile tulilirudia mpaka nikachukia wanawake wote, na mimi nikapata mafua."

Dago akataka kucheka, akamtazama Nelvis, akaahirisha.

"Sawa. Mke si mke. Lakini muziki je? Umekaa kwenye kiti hiki, umekula chakula changu, unaniambia hujui hata mluzi."

"Sikukudanganya."

"Wilfran, nimekuona! Watu mia wamekuona!"

"Mmeniona. Mlinisikia?"

Hawakuelewa. Osiris, ambaye subira yake ni fupi, akasimama akasema, "Hebu piga mluzi."

"Nini?"

"Piga mluzi, tujue moja."

Wilfran akabana midomo. Akapuliza. Ukatoka upepo na kipande cha arepa. Akajaribu tena, uso ukawa mwekundu, mishipa ya shingo ikamtoka, kikatoka kitu kama tairi inayovuja taratibu. Mbwa wa jirani alinyanyua kichwa, akakirudisha chini.

"Kweli hajui," Dago akasema kwa mshangao. "Hili haliigiziki."

* * *

Basi Wilfran akasema yote, macho yako kwenye sahani.

Watu wa sinema walifika San Bruno kumtafuta mpiga klarineti mmoja tu, Don Eustorgio Ariza, baba yake mzazi. Bendi zote za ukanda ule zinamjua. Mwongozaji alimsikiliza, akalia. Kisha akamtazama vizuri. Mzee jicho moja limeingia ukungu, shavu limebonyea, umri umekwenda. Na hadithi yao ilitaka mume kijana.

"Wakaniona mimi nimesimama pembeni na kikapu cha mayai," Wilfran akasema. "Wakasema, huyu hapa. Baba akapiga amekaa nyuma ya migomba, mimi nikachezesha vidole mbele ya kamera. Alinifundisha mwenyewe pa kuviweka. Hakukasirika, alikuwa anacheka. Akasema, tumekuwa mtu mmoja, wewe sura na mimi pumzi."

"Halafu?" Nelvis akauliza.

"Halafu wakarudi kuionyesha uwanjani, kabla haijaenda popote. Kijiji kizima kilikuja. Ilipokwisha watu wakaninyanyua mabegani. Mimi! Bendi za jirani zikaniita maestro, bingwa wa muziki. Hata watu wanaomjua baba toka utotoni walikuwa wananipigia mimi makofi, kwa sababu mimi ndiye waliyemwona kwa macho. Nilitaka kusema. Mdomo ukafunguka, Nelvis, naapa. Lakini kelele zilikuwa nyingi, na..." Akaisukuma sahani pembeni. "Na ilikuwa raha. Hilo ndilo nisiloweza kulisamehe. Ilikuwa raha. Nilipomtafuta baba nikamwona anachukua kofia yake, anatoka."

"Hukumfuata?"

"Nilipanda basi la alfajiri kuja hapa. Toka hapo sijasikia sauti yake. Nikajifunza friji. Friji haipigiwi makofi."

Osiris alikuwa tayari analia, safari hii bila kusimuliwa na mteja. Dago akajikuna kidevu, akatazama angani kama mtu anayetafuta wingu.

Nelvis yeye aliinuka. Mnadhani alimkumbatia? Alinyoosha mkono.

"Nipe simu."

"Ya nini?"

"Nilikuuliza kuhusu baba yako, ukaniambia hapendi miji. Mimi siolewi na mtu ambaye baba yake yuko hai na hajui. Nipe simu."

* * *

Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika. Nelvis aliiweka mezani, sauti juu, kati ya juisi na arepa zilizopoa.

"Nani?" Sauti ya mzee, kavu.

"Shikamoo, Don Eustorgio. Naitwa Nelvis Cantillo, napiga kutoka Barranquilla."

"Marahaba. Kama unauza bima ya maisha, mimi nilishakufa."

"Mimi ni mchumba wa Wilfran."

Simu ikakatwa.

"Nilijua tu," Wilfran akasema. Nelvis alikuwa ameshapiga tena.

"Binti," mzee akasema, "kwenu mtu akikatiwa simu haelewi?"

"Tunaelewa, mzee wangu. Ndiyo maana tunapiga tena. Nimeiona sinema."

Akasikika jogoo upande wa pili, na kiti kikivutwa.

"Umeiona," mzee akasema. "Basi umemwona mwanangu. Mzuri, eeh? Kila mtu alisema mzuri."

"Klarineti niliisikia kabla sijamwona mtu. Mwanzo kabisa, pazia bado jeusi, hakuna picha. Nikamshika mkono mwenzangu huyu hapa, nikamwambia, anayepiga hivi amezika mtu wake."

Osiris akaitikia kwa kichwa, kana kwamba mzee anamwona. Ni kweli alishikwa mkono, tena kwa kucha.

Dago akainama kuangalia kama simu ingali hewani.

"Mama yake Wilfran," mzee akasema mwishowe. "Kile kipande nilimtungia yeye. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Umekishika?"

"Kidogo."

"Hebu kiimbe."

Nelvis akatazama wenzake, aibu ikamshika, kisha akafumba macho akakiimba kwa pua, taratibu, mkono ukipiga mapigo mezani.

"Hapana, hapana," mzee akamkatiza. "Hapo wewe unapanda. Mimi hapo nashuka. Hivi." Na sauti ile kavu ikaimba yenyewe, ikashuka pale pa kushukia, ikakaa huko chini kama mtu aliyefika nyumbani.

Wilfran alichukua lile taulo la arepa akajifunika uso.

"Yupo hapo?" mzee akauliza.

"Yupo. Anakusikia."

"Analia?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Vizuri. Mwambie nakuja Jumamosi."

Osiris akapiga kigelegele. Dago akamkumbatia Wilfran pamoja na taulo lake.

"Msishangilie, sijamaliza!" mzee akafoka, wote wakanyamaza. "Harusi yenu ina muziki?"

"Tumeongea na bendi ya hapa mtaani," Nelvis akajibu.

"Waambieni waje kula tu. Atapiga yeye. Kipande kilekile, na watu walewale wa San Bruno nitawaleta kwa basi waje wasikie. Kuchezesha vidole anajua, mwenyewe nilimfundisha. Sasa atajifunza kupuliza."

"Mzee, mtu huyu hata mluzi..."

"Najua. Ni mwanangu, nilimsikia akijaribu toka ana meno ya utoto. Nitakaa hapo na nyinyi mpaka siku ya harusi, nimfundishe."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa mbele ya watu, watajua. Akiweza, watajua vilevile, maana nitasimama karibu yake. Lakini akikataa kujaribu, binti yangu, nitachukua kofia yangu kama siku ile, na safari hii msinipigie." Akakohoa. "Klarineti naileta mwenyewe. Ileile ya siku zote. Haya, kwaheri, nina kuku wa kulisha."

Ua ukalipuka. Osiris alimrukia Nelvis, viti vikaanguka, mbwa wa jirani akabweka. Mavazi ya kanivali yalitikisika kwenye kamba kana kwamba nayo yanacheza.

"Kuna sinema moja," Dago akasema akihema, "ya jamaa aliyejifunza tarumbeta kwa mwezi mmoja tu, ili asifukuzwe ukweni. Mpya kabisa!"

"Akaweza?" Nelvis akauliza.

"Aa, mwisho hausemwi."

Wakacheka, hata Nelvis, machozi yakimtoka. Akageuka kumvuta Wilfran asimame nao.

Wilfran hakuwa anacheka. Taulo lilikuwa limemwangukia magotini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia mlango ukifunguka katika nyumba isiyo na mtu.

"Nini tena?" Nelvis akauliza. "Utajifunza. Sote tutakusaidia."

"Si hilo." Alikuwa anaitazama simu. "Amesema analeta klarineti. Ileile ya siku zote."

"Ndiyo. Sasa?"

"Haiwezekani, Nelvis. Usiku ule, nilipotoka uwanjani, niliichukua kule nyumbani. Nikaenda nayo mpaka darajani, aibu imenijaa, nikaitumbukiza mtoni. Nilisimama pale mpaka nikaiona inazama."